Usingizi wa Mchana wa Mama

Juzi nilialikwa kwenye ukumbi mmoja wa Kibagabaga, hapa Kigali, kuzungumza na wazazi wenye watoto wasiotulia. Siku hizi hali hiyo ina jina lake la kidaktari, tena kuna wataalamu wanaokuonya usiiite ugonjwa, wala utundu, wala majini. Mimi si mtaalamu wa kitu. Waliniita kwa sababu mdogo wangu Zaina alikuwa mtoto wa namna hiyo, na leo ni mwanamke mwenye duka la vitambaa na mdomo unaojulikana soko zima. Nilikuwa nimepanga kuwachekesha kidogo kwa visa vyake, niwape moyo, nirudi kwangu.

Kabla sijaitwa ikaletwa chai ya maziwa, imejaa iliki. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu, mdogo kwangu kwa umri, alikishika kikombe bila kunywa, akaniambia polepole, "Dada, mtoto wangu nampenda, Mungu anajua. Ila nataka mtu anichukulie siku moja tu, nilale." Harufu ile ya iliki na neno lile la kulala vikanirudisha utotoni. Nilipoitwa mbele nilibabaika dakika tatu, nikasema yale ambayo kila mtu husema, nikaketi. Yaliyostahili kusemwa ni haya, na sikuyasema kwa sababu nayaonea aibu mpaka leo, mwanamke mzima mwenye mvi.

Tulikaa Biryogo, nyumba ya vyumba viwili yenye ua mdogo, na cherehani ya kukanyaga iliyowekwa mlangoni ili mama apate mwanga. Mama alishona sare za shule, kaptura za kaki za wavulana na magauni ya buluu ya wasichana. Baba alikuwa dereva wa lori. Vita ilipoanza kaskazini na barabara ya Gatuna ya kwenda Uganda ikafungwa, akawa anapitia Rusumo kwenda Dar es Salaam, safari ikawa ya wiki tatu, mara nyingine mwezi mzima. Akirudi alikuwa na siku mbili kwetu na siku mbili Rwezamenyo, mtaa wa jirani, kwa mke wake wa pili aliyeitwa Hawa.

Hiyo ndiyo ilikuwa zamu, na zamu haikuwa na ugomvi kwa sababu wake wenyewe hawakuonana. Mama hakulitaja jina la Hawa hata kwa bahati mbaya. Majirani walimwita mukeba, ndivyo Wanyarwanda wanavyomwita mke mwenza, na neno lenyewe lilitutisha watoto kabla hatujajua maana yake. Mtu aliyetufundisha kuogopa vizuri ni Shangazi Mwamini, dada mkubwa wa baba, aliyekaa Niboye na kuja kwetu kila Jumapili kutukagua. "Chakula cha mke mwenza hakiliwi," alikuwa anasema, kidole juu. "Kinaingia tumboni na jambo lake. Tena huyu hana mtoto. Mwanamke asiye na mtoto anatazama wa mwenzake kwa jicho gani? Nyie kaeni tu."

Hawa kweli hakuwa na mtoto. Alikuwa anapika maandazi na kuyauza kwenye vibanda vya chai, na mimi nilikuwa nimemwona mara mbili kwa mbali, mwanamke mfupi, mnene kidogo, anayetembea haraka na beseni kichwani. Nikamwona na pembe ambazo hakuwa nazo.

Sasa Zaina. Alikuwa na miaka sita, mimi kumi. Jamani, yule mtoto! Akiamka, nyumba yote imeamka. Alikuwa anaanza kunywa uji, katikati ya kikombe anakumbuka paka, akimfuata paka anaona kamba, akishika kamba anasahau paka na uji, na uji umeshamwagika juu ya gauni la mteja. Alipanda juu ya bati la jirani kufuata kishada kisichokuwa chake. Alimkatia mama mkono wa gauni lililokuwa tayari, kwa sababu alitaka kujua mkasi unasema nini ukipita kwenye kitambaa. Hakuwa mbaya. Ukimgombeza analia kwa dhati, anakukumbatia shingo, anaahidi, na kabla machozi hayajakauka ameshafanya lingine. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimrudisha kwa mkono mpaka mlangoni petu, akamwambia mama kwa adabu zote, "Mama Sauda, huyu nitamwombea dua. Kumfundisha, mwenzio nimeshindwa." Sauda ndiye mimi.

Watu walikuwa na dawa nyingi, na kila dawa ilikuwa inamchapa mama. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua kaptura alisimama akamwangalia Zaina akizunguka uani, akauliza, "Mama Sauda, mtoto yako iko na majini?" Shangazi yeye alikuwa na methali yake moja, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na aliitamka akimtazama mama, si mtoto. Mama akawa anamchapa Zaina mbele ya watu ili watu waone kwamba anachapa. Wakiondoka anamchua miguu kwa mafuta ya nazi, kimya, wote wawili wakivuta kamasi.

Na mimi nilikuwa na sehemu yangu. Nilikuwa mtoto mtulivu. Nilikaa nikitakiwa kukaa, nikanyamaza nikitakiwa kunyamaza, na wageni walisema, "Mbona Sauda ametulia? Si tumbo moja?" Nililipenda swali hilo kuliko pipi. Likiulizwa nilikuwa naongeza utulivu, nakunja mikono, nainamisha kichwa. Sikuona, au sikutaka kuona, kwamba kila nikisifiwa mama alikuwa anapungua.

Alikuwa amechoka namna ambayo mtoto haitambui kuwa ni uchovu. Alitia chumvi kwenye chai. Alishona kola chini kwenye pindo, akaitazama, akacheka peke yake kicheko ambacho hakikuwa kizuri. Alikuwa akiongea na mtu halafu anasahau alichokuwa anasema, macho yake yakimtafuta Zaina. Mimi nilidhani mama amekuwa mzembe.

Halafu, msimu mmoja wa mvua, mama akabadilika. Nilikuwa nasoma zamu ya mchana, nikirudi jioni namkuta amepaka wanja, sare zimepangwa, chakula kina chumvi ya kutosha. Siku nyingine nilimkuta akiimba wimbo wa harusi huku anakanyaga cherehani. Ilikuwa Jumanne na Alhamisi hasa, lakini sikuwahi kujumlisha siku hizo. Zaina naye siku hizo alikuwa jioni mzito, ametulia, anasinzia kwenye sahani, na nywele zake zinanukia iliki. Nilipouliza alikokuwa, mama alisema amepata chuo kingine, chini huko, mwalimu wake mvumilivu. Nikaridhika.

Alhamisi moja mwalimu wetu wa shule hakuja, tukaachiwa mapema. Rafiki yangu akanishawishi tupitie Rwezamenyo kwa shangazi yake kuchukua daftari. Tulikuwa tunapita kwenye uchochoro nyuma ya nyumba zenye uzio wa mabati nikasikia sauti ya Zaina. Sauti ile haikosewi, ilikuwa inasikika kutoka kwetu mpaka msikitini. Ilikuwa inahesabu. "Kumi na tatu! Kumi na nne!" Na sauti nyingine, ya mwanamke, inaitikia, "Ehe! Kwa nguvu! Kumi na tano!" Nikaweka jicho kwenye tundu la bati.

Zaina alikuwa amepiga magoti mbele ya sinia kubwa, mikono imeingia kwenye unga mpaka viwiko, anakanda. Anainua donge, analibamiza, anahesabu, analibamiza tena. Hawa amekaa kwenye kibao mbele yake, anatwanga iliki kwenye kinu kidogo, wala hamshiki, wala hamkatazi. Zaina akisimama Hawa anamwacha asimame, anamwambia azunguke kisima mara tatu arudi, na Zaina anazunguka mbio, anarudi, anapiga magoti mwenyewe. Mwisho wakalala wote wawili kifudifudi kwenye mkeka kuangalia donge linavyoumuka. Zaina alilala pale. Hakutikisa hata mguu. Rafiki yangu alinivuta mara mbili twende, na Zaina alikuwa bado ametulia. Kisha Hawa akampa andazi la moto, na mdogo wangu akalila.

Nyinyi mnaosoma mnaona nini hapo? Mnaona mwanamke anayejua kukaa na mtoto. Mimi niliona uchawi. Nilikuwa na ushahidi wote. Mke mwenza, asiye na mtoto, chakula cha mkono wake, na kubwa kuliko yote, Zaina kutulia. Zaina hatulii! Mama hajaweza, mwalimu hajaweza, kiboko hakijaweza. Kama ametulia, basi amefanywa kitu.

Nilikimbia nyumbani. Mlango umerudishwa, cherehani imefunikwa shuka, kitu ambacho sijawahi kukiona mchana. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka katikati ya vitambaa vya buluu, mdomo wazi, mkono mmoja umetupwa pembeni, miguu imeachana kama ya mtoto mchanga. Nilisimama juu yake nikahema. Nikamkasirikia. Nikasema moyoni, tazama huyu, mtoto wake anaibwa na yeye anakoroma. Alipoamka akanikuta nimekaa kizingitini, akashtuka. "Zaina yuko wapi?" nikamuuliza. "Chuoni," akajibu, akipangusa uso. Nikajua hajui. Nikajua nimebaki mimi peke yangu wa kuiokoa nyumba.

Ningependa kuishia hapo kwenye ujinga wa mtoto, kwa sababu ujinga unasameheka. Lakini kulikuwa na kitu kingine. Nilipokuwa pale kwenye tundu la bati niliuona uso wa Zaina. Alikuwa anasifiwa. Mtu alikuwa anamwambia ehe, vizuri, mikono yako ina nguvu. Sifa zilikuwa zangu, tangu lini zikawa zake? Nilipokuwa nakimbia kwenda nyumbani nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini chini ya hofu kulikuwa na wivu, na wivu ndio uliokimbia mbele.

Jumapili Shangazi alipokuja nilimwambia nje, kwenye bomba. Hakuwahi kunisikiliza vile maishani mwangu. Alitua mkoba, akachuchumaa akanitazama machoni kama mtu mzima mwenziwe. "Alikula? Ulimwona kwa macho yako anakula?" Nikasema nilimwona. "Na baadaye akatulia?" Alikuwa ametulia kabla ya kula, lakini nikasema ndiyo, baadaye akatulia. Shangazi akapiga kofi paja lake. "Nilisema mimi! Wewe nyamaza, usimwambie hata mama yako. Nitasema nimeambiwa na watu." Akanipa sarafu, na nilinunua karanga.

Baba alirudi Jumatano. Ijumaa baada ya sala Shangazi alifika na wanawake wawili wa mtaani, akamtuma mtu akamwite Hawa bila kusema kuna nini. Tukakusanyika uani, watu wazima kwenye viti na mikeka, sisi ukutani. Hawa aliingia getini kwetu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amejitanda vizuri, lakini kwenye kifundo cha mkono alikuwa na unga uliokauka. Alisalimia. Wanawake waliitikia nusu. Hakuna aliyemwonyesha kiti.

"Ndugu yangu," Shangazi alimwanza baba, "wewe unalala barabarani huko Rusumo, hapa nyumba yako inaibwa mchana kweupe. Huyu hana mtoto, ameona achukue wa mwenzake. Anamwita kwake, anamlisha, anamfunga akili. Uliona wapi Zaina akakaa kitako? Uliona wapi?"

Baba alikuwa mtu wa kutaka yaishe. Alifuta jasho. "Hawa, ni kweli mtoto anafika kwako?"

"Anafika."

"Unampa nini?"

"Nampa unga akande. Akimaliza anakula andazi."

"Yewe!" mmoja wa wanawake akacheka. "Unga! Mtoto wa miaka sita!"

Baba akamgeukia mama. "Mama Sauda, wewe ulijua habari hii?"

Hapo ndipo nilipomtazama mama, na nikaelewa. Sikuambiwa na mtu. Rangi ilikuwa imemtoka usoni na alikuwa anaiangalia miguu ya Hawa. Mtu asiyejua angepiga kelele, angelia, angemrukia. Mama alikuwa anatafuta pa kujificha. Nikaelewa kwamba ni yeye aliyempeleka, kila Jumanne na kila Alhamisi, kwa mkono wake, ili arudi alale. Na nikaelewa kinachomkaba. Aseme ndiyo, mbele ya Shangazi, mbele ya wanawake wale ambao kabla ya magharibi wangekuwa wamefika kila nyumba? Aseme ameshindwa na mtoto wake mpaka akaenda kumwangukia mke mwenza? Angeishi wapi Biryogo?

"Sikujua," mama akasema.

Hapohapo Zaina, aliyekuwa amening'inia kwenye geti, akashuka na uso wa mtu aliyeona kosa kwenye hesabu. "Lakini mama, si wewe—"

Nilikuwa karibu naye. Nilimziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, nikamvuta kifuani kwangu. Aliniuma mpaka damu ikatoka na sikuuachia. Kila mtu alidhani ni Zaina na fujo zake. Mama aliona. Na Hawa aliona. Alituangalia sisi wawili, kisha akamwangalia mama muda mrefu, na mimi nilikuwa namwomba Mungu Hawa aseme ukweli na papo hapo naomba asiseme.

"Kosa ni langu," Hawa akasema. "Nilimwona njiani nikamwita. Mama yake hajui kitu."

"Si mmesikia?" Shangazi akasimama kabisa. Baba akasema basi, imetosha, mtoto asikanyage tena kule, na Hawa asimwite tena, wala asimsalimie. Hawa akaitikia, "Sawa, Baba Sauda," akajitanda upya, akatoka. Mmoja wa wanawake alimwaga maji pale alipokuwa amesimama.

Jumanne iliyofuata mama alimfunga Zaina kwenye mguu wa cherehani kwa kipande cha kitambaa cha buluu. Si kwa kumkomoa, alikuwa na magauni thelathini ya kumaliza na Zaina alikuwa ameshatoka barabarani mara mbili kati ya magari. Zaina alijifungua, mama akamfunga, akajifungua. Sindano ikapita kwenye kidole cha mama. Alikuwa sasa na tabia ya kujifungia chooni. Nilikuwa namsikia humo ndani akipumua tu, na Zaina nje anagonga bati kwa viganja viwili, "Mama! Mama! Mama, unatoka saa ngapi?" Akitoka anatabasamu, macho mekundu. Nyimbo za harusi zilikwisha. Wanja ulikwisha. Chumvi ikarudi kwenye chai, na safari hii nilikunywa bila kusema.

Wiki ya tatu sikuweza tena. Siku ya Alhamisi nilijifanya naumwa tumbo, nisiende shule, nikamwambia mama nitamtembeza Zaina kidogo. Nikamshika mkono mpaka Rwezamenyo. Alipoijua njia alianza kuruka, na tulipofika kwenye geti alikuwa anaita, "Nimekuja! Unga uko wapi?"

Hawa alifungua nusu ya mlango. Zaina akamkumbatia kiuno, na mkono wa Hawa ukashuka juu ya kichwa chake, kisha ukaondoka, kama mtu aliyegusa chungu cha moto. Akanitazama. "Nani amewatuma?"

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia mama hajalala. Sikujua namna nyingine ya kulieleza jambo lile.

Machozi yakamlenga. "Sikiliza, Sauda. Mama yako alikuja hapa mwenyewe, siku ya mvua, matope mpaka magotini, akasimama hapo ulipo. Akaniambia, nisaidie nisije nikamdhuru mtoto wangu. Unadhani ni jambo dogo lile, mke mwenza kumfuata mwenzake? Nilimheshimu tangu siku ile. Na pale uani nilinyamaza kwa ajili yake, na nitanyamaza. Lakini nikimpokea mtoto leo kwa kificho, yale waliyosema yatakuwa kweli, kwamba mimi ni mwizi wa watoto. Mwambie mama yako, sina kinyongo. Amwambie baba yenu neno moja tu, hata wakiwa wawili chumbani, kwamba yeye ndiye aliyeniomba. Basi. Kesho yake amlete." Akambandua Zaina taratibu, kidole kimoja kimoja. Kabla hajafunga mlango akaniuliza, "Hivi, ni nani alimpelekea shangazi yenu maneno?"

"Sijui," nikasema.

Tuliporudi nilimkuta mama amelala. Tulikuwa tumekaa nje kiasi cha saa moja tu, na alikuwa amelala palepale kwenye kiti, shavu juu ya cherehani, kitambaa bado kiko chini ya sindano. Zaina akamwamsha kwa kumrukia.

Ujumbe ule nilikuwa nao mdomoni. Nilipanga kuusema tukiwa tunaosha vyombo. Nilipanga kuusema kesho yake, na keshokutwa. Kila nikifungua mdomo nilikuwa namwona mama na Hawa wamekaa pamoja, wanaongea vizuri, halafu mmoja anamwuliza mwenzake swali lile: ni nani alipeleka maneno? Wangefikiri kidogo tu, wangenipata. Sauda mtulivu, Sauda mwenye adabu. Nikanyamaza. Kabla mwaka haujaisha Hawa alifunga vitu vyake akarudi kwao Bujumbura. Baba alikuwa njiani, alimkosa kwa siku mbili. Yaliyotufika mji huu baadaye wote mnayajua, hayahitaji mimi niyaseme. Habari zake sikuzipata tena, na mama tulimzika mwaka jana.

Lakini Hawa alipokuwa bado yuko Rwezamenyo, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwetu, mama aliniuliza. Ilikuwa mchana. Alikuwa anatoboa vitundu vya vifungo, ameinama, na aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sauda. Yule mwanamke. Umewahi kumwona tangu siku ile?"

Nikasema nilimwona mara moja.

Mkono wake ukasimama. "Unadhani..." Mama yangu, aliyekuwa hana haja ya kuniomba kitu, alikuwa ananiuliza kama mtoto anayeuliza kama atachapwa. "Unadhani nikienda, nikamwomba radhi, atanisikiliza?"

"Hapana, mama," nikasema. "Alisema tusikanyage tena kwake."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Ana haki yake," akasema. Kisha akaweka mkasi chini, akainuka, akatoka kumfuata Zaina, ambaye alikuwa ameshafika barabarani.